Kwa nini Salalah ni kijani wakati Maskati inaungua?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati. Mwezi wa saba tulikwenda Salalah, kusini mwa Oman. Tuliacha joto la nyuzi 40 na zaidi, tukakuta ukungu, manyunyu na milima kijani kama Pemba. Tulipovuka mlima kuelekea Thumrait, tukatokea kwenye vumbi na jua kali. Inawezekanaje? Na mbona manyunyu yale hayana radi?

JIBU: Ndugu yangu, upepo uliokutana nao kule unaujua tangu utotoni. Ni kusi, uleule uliokuwa ukirudisha majahazi Arabuni. Watu wa Dhofar, mkoa wa Salalah, huuita msimu huo kharif, takriban Juni 21 hadi Septemba 21.

Lakini upepo peke yake usingetosha. Kazi kubwa inafanywa na bahari. Kusi huvuma sambamba na pwani ya Dhofar, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia, maji ya juu husogea upande wa kulia wa upepo, yaani kuelekea bahari kuu. Maji baridi ya kilindini hupanda kujaza nafasi hiyo. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa, mvuke unakuwa ukungu, na upepo unausukuma hadi milima ya Qara, nyuma ya mji.

Radi haipo kwa sababu juu ya ukungu kumetanda hewa ya moto, kavu, itokayo jangwani Rub' al Khali. Imeufunika kama kawa lilivyofunika chakula. Wingu haliwezi kupanda likanenepa. Linabaki jembamba, linatoa manyunyu basi. Kiasi kinachofika ng'ambo ya mlima kinateremka, kinapata joto, matone yanakauka. Ndiyo lile vumbi lenu. Mti wa ubani hustawi hasa ukanda huo, ukungu unapoishia.

Jambo linalonisumbua ni miti ya upande wa bahari. Weka kipimo cha mvua mahali peupe, utapata maji kidogo. Kiweke chini ya mti, matone hayakomi, kwa kuwa majani yanaunasa ukungu na kuudondosha ardhini. Ngamia, ng'ombe na mbuzi wakizidi, miche haikui, na mti mkubwa ukifa ukungu unapita bila kunaswa. Upepo na bahari ni vilevile, ila mlima unapata maji machache.

Jabal Akhdar, mlima ulio jirani yenu wa Maskati, nao una ubaridi, ila ni habari nyingine. Kule kinachopoza ni kimo tu: uwanda wa Sayq uko kiasi cha mita 2000 juu ya bahari, ndiyo maana komamanga na waridi vinakubali.

Mkirudi Salalah, nendeni mwishoni mwa Septemba. Ukungu huwa umeondoka na majani bado yapo. Simameni juu ya mgongo wa mlima, mtaona kijani na jangwa kwa mtazamo mmoja.