Mtoto aking'oka jino uwanjani, wenzake wanajua nini?

Mzazi mwenzetu ameuliza kama mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kufundishwa la kufanya mwenzake anapong'oka jino, au kama hilo ni la kuachiwa walimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, na naona ni lazima afundishwe, kwa sababu watoto ndio wanaomfikia majeruhi kwanza, na tayari wana elimu yao kuhusu meno, ila ni elimu ya meno ya utotoni.

Nililijua hilo kwa uchungu. Mvulana wa miaka 10 aligongana na mwenzake mpirani, jino la mbele la juu likaanguka vumbini pamoja na mzizi wake. Wenzake walimhurumia kwa dhati: walilipeleka bombani, wakalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa, wakalifunga kwenye karatasi ya daftari. Mmoja alitaka walirushe juu ya paa, kama walivyozoea nyumbani, ili jipya liote. Tulimfikia daktari wa meno baada ya muda wa saa mbili hivi. Alilirudisha na kulifunga kwa waya kwenye meno jirani kwa majuma mawili, lakini alituonya kwamba utando mwembamba wa mzizi, ambao ndio unaolishikisha jino kwenye mfupa, hufa likikaa pakavu kwa saa moja hivi, na kwamba kule kusugua kulikuwa kumeubandua. Baada ya mwaka mmoja mzizi ulianza kuliwa na mwili wenyewe.

Tangu hapo nafundisha kwa punje ya mahindi. Kila mtoto huishika upande wake wa juu, ulio mfano wa sehemu ya jino inayoonekana mdomoni, bila kugusa ncha iliyokuwa imeshikana na gunzi, maana ncha hiyo ndiyo mzizi wetu. Jino lenye uchafu huoshwa kwa maziwa, au kwa maji safi baridi kwa sekunde chache tu, kisha hurudishwa papo hapo kwenye tundu lake, na mwenye jino huuma kitambaa safi. Ikishindikana, litiwe kwenye maziwa, hata ya pakiti kutoka kioski cha langoni, na mtoto apelekwe kwa daktari wa meno bila kuchelewa. Jino la utotoni halirudishwi, kwani linaweza kulidhuru la kudumu linalokua ndani ya ufizi. Meno ya mbele hubadilika kati ya miaka 6 na 9 hivi, kwa hiyo asiyeweza kutofautisha nimemwambia alitie kwenye maziwa tu na kumwita mtu mzima.

Nilipowauliza muhula uliofuata, karibu wote walikumbuka maziwa. Lililowaponyoka ni kutosugua, kwa sababu mtoto aliyelelewa kuosha kila kilichoanguka chini huona vibaya kurudisha mdomoni kitu kilichotoka vumbini. Siku hizi somo naanza nalo hilo: nawapa punje iliyolowekwa usiku kucha, waikwangue kwa ukucha mpaka ganda lake libanduke, waone kwa macho yao kilichopata lile jino bombani.