Maswali Yenu: Mtoto ana usonji, harusini aende au abaki?

Mwezi huu mmeuliza sana kuhusu watoto na watu wazima ambao akili zao zinafanya kazi tofauti na za wengi, kama wenye usonji (autism kwa Kiingereza). Nimechukua maswali matatu, la kwanza nimelijibu kwa kirefu maana harusi yenyewe imekaribia.

SWALI: Habari za hapo gazetini. Mimi ni bibi, naishi Mbagala, anayeniandikia ni mjukuu wangu mkubwa. Mdogo wake ana miaka 5, maneno yake mwenyewe machache lakini matangazo ya redio anayasema yote mpaka namba za simu, vizibo vya soda anavipanga mstari kutoka mlangoni hadi jikoni, ukigusa kimoja ni kilio. Blenda ikiwashwa anaziba masikio anajibamiza ukutani. Hospitali wametuambia ni usonji. Sasa mjomba wake anaoa mwezi wa 12 na kamati ya harusi imesema mtoto abaki na dada wa kazi asije akatutia aibu, wengine wanasema huyo dawa yake fimbo tu. Roho inaniuma, nifanyeje?

JIBU: Shikamoo bibi. Aende.

La fimbo tulimalize kwanza. Mtoto aliyenyimwa biskuti dukani analia huku anakuchungulia kuona kama umelegea, ukimpa ananyamaza hapo hapo. Huyu wako akijibamiza ukutani hamchungulii mtu, ile sauti kwake inaumiza kweli na hata blenda ikizimwa anaweza kuchukua muda mrefu kutulia, sasa ukimchapa umemwongezea maumivu juu ya maumivu na atajifunza tu kwamba hata watu wa nyumbani wanaumiza. Wala sio jini, wala mama yake hakumdekeza. Wakija na ile habari ya chanjo waambie ule utafiti wa Uingereza wa 1998 uliohusisha chanjo ya surua na usonji ulifutwa na jarida lenyewe lililouchapisha, mwaka 2010, na daktari kiongozi wake akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Ubongo wa mtoto mwenye usonji unajengeka hivyo tangu tumboni, na mambo ya kurithi yamo sana, koo nyingi ukichunguza utakuta kuna babu mmoja hivi ambaye kikombe chake kilikuwa hakiguswi na mtu.

Halafu hayo matangazo ya redio msiyadharau. Watoto wengi wenye usonji wanaokota sentensi nzima nzima kabla ya kuanza kutunga zao, sikilizeni analisema lipi na saa ngapi, unaweza kukuta lile la maji analitoa akiwa na kiu. Akilitoa mwambie "unataka maji" na umpe maji.

Sasa harusi. Mpelekeni ukumbini siku moja kabla kukiwa kutupu, azunguke, aone choo kiko wapi, mpigeni picha akiwa pale ili nyumbani mumwoneshe tena na tena. Maduka ya hardware yanauza vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa mashine, akubali kuvivaa nyumbani kwanza msimshtukize siku hiyo. Kata lebo ya shingoni kwenye shati lake na kama sare ya kamati kitambaa kinawasha asivae, nani amesema harusi inavunjika kwa shati la mtoto? Meza yenu iwe karibu na mlango mbali na spika, na matarumbeta yakikaribia awe ameshatolewa nje. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kutoka naye, na asiwe wewe bibi, wewe ni mama wa bwana harusi utaitwa kila dakika. Kama hali pilau mbebeeni anachokula. Vizibo vyake vichache pia wekeni kwenye mfuko, ingawa kwa harusi ninazozijua mimi atavikuta vya kutosha. MC aambiwe mapema asimwite mbele, na mashangazi wasimlazimishe kushikana mikono wala kuwaangalia machoni. Akikaa nusu saa akachoka mrudisheni, harusi kahudhuria.

Na kamati wakirudia habari ya aibu, waulize yule mlevi wa ukoo kaalikwa au hajaalikwa.

Shule hujauliza ila umri ndo huo umefika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, na zipo shule za msingi za serikali zenye kitengo cha usonji, Msimbazi Mseto ni mojawapo. Kutoka Mbagala ni mbali najua, kwa hiyo anzeni kwa kuuliza ofisi ya elimu ya manispaa yenu kitengo cha karibu kiko wapi.

SWALI: Hivi haya mambo ya usonji na nyurodaivasiti, yaani kwamba akili za watu zinatofautiana, si ya wazungu tu? Zamani mbona hayakuwepo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Yalikuwepo, wengine walifichwa ndani na wengine wakaitwa mazezeta. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika kuhusu watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, na wa kwanza kwenye maandishi yake alikuwa Donald Triplett, mtoto wa mji mdogo wa Forest huko Mississippi. Alipokuwa na miaka 3 wazazi walishauriwa wampeleke kwenye taasisi akaishi huko, wakampeleka, baadaye wakamrudisha nyumbani. Akasoma mpaka chuo, akafanya kazi benki pale pale mjini, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi kibao, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Usonji hakupona. Tuseme ukweli familia yake ilikuwa na pesa na hisa kwenye hiyo benki, lakini pesa hainunui majirani, na watu wa Forest walimzoea, mambo yake ya kupenda namba na kuwapa watu majina ya utani wakayachukulia kuwa ndo Donald huyo.

SWALI: Nina duka la stesheneri Mwanza. Kijana wangu wa kazi nikimtuma vitu vitatu analeta kimoja, anachelewa, droo anaiacha wazi. Ila printa ikikwama anaitengeneza yeye na wateja wakijaa ndo anachangamka. Kaniambia hospitali walimkuta na ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Nimwachishe?

JIBU: Kaka, kijana kakuamini akakwambia, wengi wanaficha mpaka wanafukuzwa. Maagizo ya mdomo matatu kwa mpigo yaache, mtumie kwenye WhatsApp moja moja, au bandika karatasi pale kaunta awe anaweka tiki. Hesabu ya jioni mpe mtu mwingine, yeye mpe printa, fotokopi na foleni ya wateja. Kuchelewa kaeni mliongee, labda akiingia saa tatu na kufunga duka yeye utapata kazi ile ile. Droo nunua yenye kujifunga yenyewe, hata wewe utaisahau siku moja.