Bakteria kwenye saileji ya wanakondoo: wanasaidia wapi, na wapi hawasaidii

Kwa aliyeuliza kama bakteria wa dukani wanaifanya saileji ya mahindi (mahindi mabichi yaliyokatwakatwa na kuchachushwa bila hewa) iwe salama kwa wanakondoo wa mwezi mmoja: hapana. Umri huo bado ni wa maziwa, tumbo la kucheulia halijakomaa. Anza wiki ya sita hadi ya nane, gramu 50 hadi 100 kwa kila mmoja, ukiongeza polepole. Akifikisha kilo 20 mpe kilo moja kwa siku, basi. Saileji ya mahindi ina protini kama asilimia 8, naye anahitaji karibu 16, kwa hiyo ongeza lusina kavu au mashudu ya alizeti. Urea usimpe. Madini ya ng'ombe pia usimpe, shaba iliyomo huua kondoo.

Sasa bakteria wenyewe. Lactobacillus plantarum hushusha pH, kipimo cha uchachu (ikishuka, uchachu umezidi), haraka hadi karibu na 4. Lactobacillus buchneri hutengeneza pia asidi ya siki, inayozuia hamira, na hamira ndiyo inayopasha saileji joto ikishapata hewa, kisha ukungu unafuata. Wanakondoo hula kidogo, mfuko unakaa wazi siku kadhaa, ndiyo maana kwa mahindi napendekeza buchneri, ingawa utasubiri siku 60 kabla ya kufungua, badala ya 21 za plantarum. Mtindi badala ya pakiti sishauri: hujui unaweka bakteria wangapi. EM, ule mchanganyiko wa vijidudu wa dukani, nayo ina hamira ndani yake.

Pakiti ya plantarum itoe angalau bakteria 100,000 kwa kila gramu ya majani mabichi. Koroga dozi ya tani moja kwenye lita 3 hadi 4 za maji ya mvua. Ya bomba yaache wazi usiku kucha, klorini huwaua. Tumia siku hiyohiyo, kwa pampu ambayo haijawahi kubeba dawa ya magugu wala ya wadudu, na nyunyiza kila tabaka wakati wa kushindilia. Kumwaga yote juu mwishoni ni kupoteza pesa.

Kabla ya hapo katakata majani vipande vya sentimita 1 hadi 2, kisha kamata konzi moja uiminye kwa nguvu nusu dakika. Maji yakidondoka, anika kwanza, la sivyo utapata saileji yenye harufu ya siagi iliyooza. Donge likifumuka mara moja, yamekauka mno na hewa haitatoka. Linalofumuka taratibu bila kulowesha kiganja ndilo zuri. Matete yaongezee molasi kilo 30 hadi 50 kwa tani, maana bakteria bila sukari hawana cha kuchachusha.

Fungasha mifuko midogo inayoisha ndani ya siku mbili au tatu. Kila asubuhi toa masalia horini. Sehemu yenye ukungu, udongo au joto tupa pamoja na inayoizunguka, kwani hapo pH imepanda na listeria, bakteria wa ugonjwa, huzaliana. Kondoo hudhurika nayo kirahisi kuliko ng'ombe: kichwa kinapinda upande mmoja, sikio na mdomo vinalegea, mate yanatoka, anazunguka duara. Ukiona hivyo mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, penisilini husaidia mapema tu. Acha saileji hiyo kwa kundi zima, na waangalie wiki 6 zaidi, maana dalili huchelewa. Kondoo akitupa mimba, usimguse bila glavu. Listeria humpata binadamu pia, hasa mama mjamzito.