Kwa nini abakize 32?

SWALI: Mhariri, kwenye mashindano ya dunia ya vishale (darts), Alexandra Palace, London, mchezaji amebakiza alama 52 na kishale kimoja cha zamu yake. Mbona anapiga 20 tu?

JIBU: Ndugu msomaji, 52 haimaliziki kwa kishale kimoja. Mchezo hushuka kutoka 501 hadi 0 kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie pete nyembamba ya nje, inayozidisha namba mara mbili, au kitovu chenye alama 50. Akipiga 20 anabaki na 32, yaani 16 mara mbili, na hapo ndipo penye akili. Kishale kikichomeka ndani kidogo ya pete, anapata 16 na kubaki na 16: sasa analenga 8 mara mbili. Akikosa vivyo hivyo, 4, kisha 2, kisha 1. Kwa 40 njia hiyo hukatika mapema: 20, 10, halafu anabaki na 5, namba witiri, na kishale kizima kinaliwa kuirekebisha.

Tahadhari ni majirani wa 16 ubaoni, yaani 8 na 7. Kikiangukia 8 anabaki na 24, hakuna shida. Kikiangukia 7 anabaki na 25, witiri tena. Na akipitiliza, au akibakiza 1, alama za zamu yote zinafutwa.