Mikaratusi karibu na chemchemi? Subiri kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu kupanda mikaratusi karibu na chemchemi, udongo unaosombwa, na wapi pa kupata msaada na hati ya shamba. Kwenye shamba lako la mteremko huko milima ya Uporoto, Mbeya, mikaratusi ipeleke mbali na chemchemi. Inanyonya maji mno. Tena Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Hapo acha uoto wa asili, ongeza mikuyu.

Kuhusu udongo unaosombwa, chimba makinga maji, yaani mitaro inayokata mteremko kwa upana, udongo unaochimba utupe upande wa juu, kisha panda matete juu ya tuta. Ng'ombe nao watashukuru.

Msaada uanzie kwa afisa ugani wa kata. Mfuate wewe, ukingoja akutembelee, masika yatakukuta. Hati ya kimila, yaani ya kumiliki ardhi ya kijiji, ulizia kwa mtendaji wa kijiji.