Samaki wa kuchagua na bili iliyokushtua

Ndugu yangu, pole kwa kuletewa bili iliyokuwa maradufu ya ulichotarajia, baada ya kuwaagizia wakwe zako changu mzima katika mgahawa wa ufukweni jijini Dar es Salaam ambao orodha yake ya vyakula haikuonyesha bei ya samaki. Nami yalinikuta hayo hayo. Tangu hapo siruhusu samaki apelekwe jikoni kabla sijamwona akipimwa kwenye mizani, nikatajiwa bei yake kamili pamoja na ugali au chipsi, na kuuliza iwapo kodi ya VAT imo ndani yake. Kuuliza si aibu, hata mbele ya wakwe. Ukilipa, dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako ukitaka kulalamika.

Zaidi ya fedha, mtazame samaki mwenyewe: macho yawe angavu na mashavu mekundu. Wanaonitia hofu hasa ni jodari na vibua, ambao wakikaa bila barafu hujenga sumu isiyoondolewa na moto. Ukihisi uso kuwaka, ngozi kuwasha au pumzi kubana baada ya kula, nenda hospitali mara moja.