Mafuta ya gari la polisi, mfuko wa nani?

SWALI: Wakili, mimi ni katibu wa Nyumba Kumi, kikundi cha majirani cha kulinda usalama, katika mtaa mmoja Kaunti ya Nakuru. Kila mwezi kituo chetu cha polisi hutuomba mchango wa mafuta ya gari la doria, shilingi 200 kwa kila nyumba. Juzi majambazi walituvamia, na tulipopiga simu tukaambiwa gari halina mafuta. Je, tuna haki ya kuona hesabu? Na mbona kaunti isilipe?

JIBU: Poleni sana, katibu.

Nianze na kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka polisi chini ya serikali ya kitaifa. Mafuta, mishahara na hata kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio kituoni, hulipiwa na bajeti ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na tangu Septemba 2022 Inspekta Jenerali ndiye afisa mhasibu wa fedha hizo. Wapo magavana walionunulia polisi magari, lakini huo ni msaada tu. Jukumu la kaunti lililo wazi ni taa za barabarani. Kama majambazi waliingia kupitia kichochoro chenye giza, mbaneni mwakilishi wadi wenu kabla bajeti haijafungwa.

Sasa hizo shilingi 200. Serikali inaweza kupokea msaada, ila sheria ya fedha za umma inataka uandikwe na utolewe hesabu. Pesa iliyotiwa mkononi mwa askari, au kutumwa kwa simu yake, haikuingia serikalini kamwe, kwa hiyo hesabu mnayoitafuta huenda haipo. Acheni huo mchango. Nasema hivyo pia kwa sababu ya jirani asiye na 200: naye akipiga simu usiku, ataambiwa nini?

Mafuta yaliyotoka serikalini ni habari nyingine. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuuliza, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Andikeni barua: kituo kilipokea lita ngapi, na gari lilitoka doria siku zipi? Mtaambiwa ni usalama wa taifa. Lita za mwezi uliopita si siri ya vita! Wakikataa, pelekeni barua hiyo kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Jambo ambalo kamati nyingi hulikosea ni hili: Nyumba Kumi siyo kamati ya polisi jamii. Nyumba Kumi ilishika kasi baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, wazo likiwa limetoka Tanzania, na husimamiwa zaidi na chifu. Kamati ya polisi jamii imo ndani ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kuanzia kifungu cha 96, na hukutanisha polisi na wawakilishi wa wananchi. Muulizeni OCS, yaani mkuu wa kituo, kamati hiyo ina nani na ilikutana lini mara ya mwisho. Mara nyingi utakuta majina yapo, mikutano hakuna.

Juu yake kuna Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo. Mwenyekiti ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua, na ndani wamo wakuu wa usalama, wawakilishi wadi wawili, na watu wasiopungua sita kutoka makundi kama wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye mahitaji maalum. Hapo ndipo gavana anaingia kihalali: mamlaka hiyo hupendekeza vipaumbele, huangalia bajeti ya polisi katika kaunti na hupokea ripoti za kamati za polisi jamii. Kilio cha mafuta kifike huko kama ripoti yenye tarehe na mihuri. Malalamiko ya barazani huishia barazani.

Na usiku ule, tukio liliandikwa OB? Kama bado, nendeni leo mkaandikishe na mchukue nambari. Mkiamua kulalamika kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, ambatisheni nambari hiyo na saa mliyopiga simu.